Kupasua na Kutoboa

Nimeishi miaka mingi kwa kufasiri maneno ya wenzangu, lakini neno lililonielemea kuliko yote lilinikuta hospitalini, nimesimama baina ya daktari na dada yangu. Mwanawe alikuwa akitokwa na usaha sikioni tangu utotoni. Sikio lile sote tulilizoea. Kisha yakaja maumivu ya kichwa yasiyotulia, homa, matapishi na degedege. Picha ya kompyuta ikaonyesha jipu ndani ya ubongo.

Daktari alisema kwa Kiingereza, nami nikafasiri: "Watampasua kichwa." Dada akajifunika uso kwa kanga. "Kaka yangu, mwanangu hapasuliwi."

Usiku ule, kama ilivyo ada ya mtu aliyejisomesha mwenyewe, nilivikimbilia vitabu. Nikamkuta William Macewen, tabibu wa Glasgow. Mwaka 1876 alitambua jipu katika ubongo wa mvulana, akabainisha na mahali lilipo. Jamaa walikataa asipasuliwe. Mvulana akafariki, na jipu likakutwa pale pale alipopataja. Kitabu chake cha mwaka 1893 kinaeleza kwamba kati ya wagonjwa 19 wa jipu la ubongo aliowapasua, 18 walipona.

Asubuhi nilirudi kwa daktari, nikamwomba anieleze upya, taratibu. Ndipo nilipotambua kosa langu. Kichwa hakingefunuliwa. Kingefungwa fremu ya chuma, kipigwe picha, kisha jipu lipimwe kwa vipimo vitatu: upande, mbele na nyuma, na kina. Tundu dogo lingetobolewa kwenye fuvu, na sindano ipite njia iliyopimwa hadi kwenye usaha na kuufyonza. Usaha ungepelekwa maabara ili vijidudu vijulikane, na dawa zifuate kwa wiki kadhaa.

Nikamwendea dada. "Nilifasiri vibaya," nikamwambia. "Hawapasui, wanatoboa, mfano wa fundi wa jahazi na keekee yake. Hatari ipo, lakini kungoja kuna hatari zaidi." Alininyamazia kitambo kirefu, kisha akaomba kalamu.

Kijana alipona. Sikio nalo lilitibiwa, maana ndiko maradhi yalikoanzia, ingawa upande ule hasikii vyema. Akija kunisalimu barazani hukaa kuumeni kwangu, apate kunisikia, nami humsomea mashairi. Kila nisomapo hukumbuka kwamba neno langu moja lilikaribia kumnyima uhai.