Mmoja Anauliza, Mwingine Anaandika



Mwaka jana nilizunguka vijiji vya Kaskazini Unguja kuwahoji wanawake kuhusu ndoa zao: mahari, ukewenza, talaka. Tulikuwa wawili, mimi ambaye sijaolewa na dada mmoja mwenye watoto wanne. Watu wakituuliza, "Kwani mmoja hatoshi?"

Hatoshi, shoga zangu. Mama mmoja nilipomuuliza kuhusu mahari, alinijibu kwa upole kuwa ndoa ni subira, na nami In shaa Allah zamu yangu itafika. Alinifunda. Baadaye dada alipomuuliza swali lile lile, alishusha pumzi akasema, "Wewe mwenzangu unajua." Ndipo tuliposikia kuwa mahari yake hajayatia mkononi mpaka leo, na ana wajukuu.

Hakuniongopea. Mimi aliniambia la kumwambia mwari, yule akamwambia la kumwambia mtu mzima mwenzake. Na kwa mabiharusi wapya mambo yaligeuka: mbele ya dada waliona haya, kwangu mimi walicheka na kusema. Hata biharusi analomwambia somo wake silo analomwambia mamake.

Lakini wawili wakikaa vibaya, mahojiano huwa kesi. Kwa hiyo tulikuwa tunamuuliza mwenyewe kwanza: tuwe wawili, au mmoja, na yupi? Akikubali wawili, mmoja anauliza, mwingine anakaa pembeni ya mkeka anaandika, hadakii maneno. Maswali yetu ni yale yale. Tukitoka, kila mtu anaandika alichosikia kabla hatujazungumza, ndipo tunalinganisha. Na kila jibu tunaliandikia nani aliuliza. Siri nayo huhitaji ulinzi zaidi, maana wasikilizaji wawili ni midomo miwili.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu mahari ni haki ya mke, na ningekwenda peke yangu, karatasi ingesema mama yule hana anachodai. Wanaopanga mambo yetu husoma karatasi. Nyuso zetu hawazioni.

Basi siku ukigongewa mlango na watu wenye maswali, usione tabu kusema, "Nitazungumza na huyu, yule anisubiri nje." Maneno ni yako. Mtafiti mwenye adabu atakuelewa.