Mlima Wati Kabla ya Ruwenzori

Ombaci iko kilomita chache kaskazini ya mji wa Arua, kando ya barabara iendayo Koboko. Nchi yake ni uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, yenye mashamba ya muhogo, ulezi na simsim. Miinuko yake ni mipole, hata mpanda baiskeli huweza kwenda mwendo mrefu asishuke ila mara chache. Ni nchi njema kwa mwenda kwa miguu. Lakini kwa mkazi wake anayekusudia kwenda kuzunguka milima ya Ruwenzori, wema huo ndio tatizo lenyewe, kwa maana miguu iliyozoea uwanda huenda ikadhani inajua kutembea.

Safari ya mzunguko wa kati wa Ruwenzori huanzia Nyakalengija, upande wa Kasese, mahali palipo mita 1,646 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza msafiri hupanda hadi kibanda cha Nyabitaba, mita 2,651. Huo ni mpando wa mita elfu moja na ushei, na aghalabu huchukua saa tano au sita. Siku ya pili ni kali zaidi, kwani njia hupita juu ya mizizi na mawe yenye utelezi kuelekea kibanda cha John Matte, na baada ya hapo huja vinamasi vya Bigo. Safari nzima huchukua siku saba au nane. Aliyechoka siku ya pili hana basi la kumrudisha nyumbani, na akivunjika mguu hubebwa na watu wenziwe juu ya matope yale yale. Ndiyo sababu yafaa ajipime mapema, mahali ambapo kushindwa hakumdhuru mtu.

Watu wengi, wakiambiwa wajipime, huchagua umbali. Kutoka Ombaci umbali uko mlangoni: barabara ya lami itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba mpakani, yenye urefu wa kilomita kama 92. Kijana hodari akitoka alfajiri huweza kuifikia Koboko usiku, naye atasifiwa. Hata hivyo sifa hiyo ni ya bure kwa kazi iliyo mbele yake. Lami iliyonyooka huchosha nyayo bila kuyafundisha mapaja. Haina jiwe la kukanyaga kwa hadhari wala mteremko wa kuyajaribu magoti, na malori hayana huruma. Siku ya kujipima huchaguliwa kwa kufanana na siku iliyo ngumu kuliko zote katika safari, japokuwa kilomita zake ni chache mno za kujivunia.

Kwa kipimo hicho mkazi wa Ombaci hana haja ya kutafuta mbali. Kaskazini-mashariki ya Arua, katika nchi ya Terego, umesimama mlima Wati, ambao katika vitabu vya wataalamu huitwa pia Eti. Umejitenga peke yake juu ya uwanda, nao huonekana kutoka mbali sana. Kwa wakazi wa upande wa Koboko mwenzake ni mlima Liru. Milima hii miwili si mawe matupu kwa Walugbara. Masimulizi yao, ambayo mtaalamu John Middleton aliyakusanya alipoishi kati yao kuanzia mwaka 1949 na kuyatia katika vitabu vyake, yanasema kwamba mashujaa wawili waliozaa koo za Walugbara, Jaki na Dribidu, walikufa milimani: Jaki juu ya Liru na Dribidu juu ya Wati. Kwa hiyo mgeni asiuparamie mlima huo kama ngazi ya nyumba yake. Kwanza apite kwa wazee na viongozi wa kijiji kilicho chini yake, aeleze shabaha yake, na amchukue kijana wa hapo amwonyeshe njia. Ni adabu, tena ni usalama, maana njia za mbuzi na za wakata kuni ni nyingi na zote hufanana.

Kupanda Wati mara moja hakufikii mpando wa siku ya kwanza ya Ruwenzori. Wengi hufika kileleni, wakapiga picha, wakashuka wakijiona wamehitimu. Siku ya kujipima yenyewe ndiyo kwanza inaanza hapo. Msafiri ashuke hadi chini, anywe maji, apande tena. Na nguvu zikiruhusu, mara ya tatu. Asihesabu vilele, ahesabu saa: saa sita za kupanda na kushuka, mapumziko yakiwa mafupi. Mpando wa kwanza hupandwa kwa furaha, na furaha haipimi kitu. Katika wa pili ndipo mtu huujua mwendo wake wa kweli, akaona kama shanta linamkata mabega na kama kisigino kimeanza kuwaka moto.

Kuhusu shanta, hakuna haja ya kuigiza askari. Mizigo mikubwa ya Ruwenzori huchukuliwa na wapagazi wa Kikonzo, kama ilivyokuwa hata kwa Luigi Amedeo wa Abruzzi, wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliyefika kilele cha Margherita mwaka 1906 akiwa na msafara mkubwa wa wapagazi. Msafiri hubeba maji yake, chakula cha mchana, sweta na koti la mvua. Kilo sita au saba zatosha kwa kujipima.

Na hapo Ombaci wapo watu wanaojua mambo ya mzigo na mwendo kuliko kitabu chochote. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliwashambulia raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, na watu wengi wakauawa. Katika miaka hiyo maelfu kwa maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, wengi wao kwa miguu, wenye watoto mgongoni na vyungu kichwani. Si ajabu basi mama mwenye umri, akiwaona vijana wanapanda jabali na mizigo pasipo sababu, akauliza ni nani anayewafukuza. Swali hilo lisichekwe. Kijana mwenye busara ataketi amwulize yeye alikunywa nini njiani, alipumzika lini, na miguu ilipovimba alifanyaje.

Chakula cha siku hiyo kitoke jikoni, wala si dukani. Karanga za kukaanga, simsim iliyopondwa na asali, viazi vitamu vilivyochemshwa na ndizi mbivu huwatosha watembezi. Maji yasipungue lita tatu kwa kila mtu, kwani jabali la Wati huakisi jua, na chumvi kidogo pamoja na sukari katika chupa moja huwafaa wanaotoka jasho jingi. Waliobaki nyumbani waambiwe saa ya kurudi, na ikipita wajue ni nani wa kumwuliza huko Terego.

Viatu viwe vile vile vya safari. Kwenye vinamasi vya Ruwenzori wengi huvaa mabuti ya mpira. Basi mabuti hayo yapandishwe Wati angalau mara moja, yakiwa na soksi nene, hata kama watoto wa kijiji watacheka kuyaona wakati wa kiangazi. Katika kushuka, hatua ziwe fupi na fimbo itangulie. Magoti huumia zaidi katika kushuka kuliko kupanda, na anayekimbia mteremko ili aonekane hodari hulipa kesho yake.

Lipo jambo moja ambalo Wati hauwezi kulipima. Ugonjwa wa kimo, unaoleta kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, ni nadra chini ya mita 2,500, na hakuna mahali Arua wala Koboko panapofikia kimo hicho. Kibanda cha Elena, wanakolala waendao Margherita, kiko kiasi cha mita 4,500. Mwenye mapaja ya chuma aliyepanda Wati mara tatu aweza kuugua huko sawa na mwingine, na dawa ya kwanza ni kuacha kupanda, na hali ikizidi kuwa mbaya kuteremka mara moja, bila kuona haya.

Wakati mwafaka wa kujipima ni mwezi mmoja kabla ya safari. Aendaye Ruwenzori Januari, miezi ya ukavu kiasi, apande Wati mwanzoni mwa Desemba, mvua zinapokwisha na kabla nyasi hazijachomwa zikajaza moshi angani. Jioni, akisharudi Ombaci, atie miguu katika beseni la maji ya vuguvugu na aikague kucha kwa kucha. Kucha ya kidole gumba ikiwa imegeuka nyeusi, kiatu ni kidogo au hakikufungwa vizuri wakati wa kushuka. Na soko la Arua liko karibu, zimebaki wiki nne za kukizoea kingine.