Harufu Ilivyohama Tabata

Kwa watoto wa Tabata wa leo, Dampo ni jina la kituo cha daladala. Sisi tuliokulia pale miaka ya themanini tulilijua dampo lenyewe. Malori yalileta taka za mji mzima: maganda ya ndizi, matumbo ya samaki, mabaki ya sokoni, vyote katika lundo moja. Kiangazi moto ulifuka humo usiku na mchana. Masika ndiyo yaliyotutesa zaidi, maana maji yalizama kwenye lundo, taka zikaoza chini kusikofika hewa, na uvundo kama wa mayai viza ukatufuata hadi chumbani. Upepo ukigeuka, mama alianua nguo hata kama bado mbichi. Tulikula mkono mmoja ukifukuza nzi. Wageni walidhani tumezoea. Hatukuzoea hata siku moja, na watoto walilala wakikohoa.

Wazee wetu wakaenda mahakamani. Mwaka 1988 Mahakama Kuu iliamuru utupaji ukome. Wahusika wakarudi kuomba muda zaidi, malori yakiendelea kumwaga, hadi Jaji Lugakingira alipokataa katakata. Alisema kuwachafulia watu mazingira yao ni kuhatarisha haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Nilikuwa kijana, na hadi leo hakuna hukumu iliyonipa fahari kama ile.

Lakini taka hazikukoma kuzalishwa. Malori yakaelekea Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakashtaki, wakashinda. Kisha yakahamia Vingunguti, kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Msimbazi, na kusi ikivuma tulijua wanavumilia nini. Baadaye ikawa zamu ya Mtoni, na mwaka 2007 Pugu Kinyamwezi.

Nikiitazama safari hiyo, naona mji ulikuwa ukitafuta watu wengine wa kunusishwa uvundo. Kinachonuka ni kile kinachooza, na sehemu kubwa ya taka zetu hutoka jikoni na sokoni. Nawaomba viongozi wa mitaa waanzie kwenye masoko: maganda na mboga zilizooza zitengwe palepale na kugeuzwa mbolea kabla hazijapakiwa kwenye lori. Wakazi wa Pugu nao wana haki ileile tuliyopewa sisi.