Machaguo ya Amri katika Kompaila na Maagizo ya Mwalimu

Wanachuo wengi huiona kompaila kuwa jambo la wahandisi, lisilomhusu mwalimu wa Darasa la Tatu. Katika makala haya tunapenda kuonyesha kwamba kazi moja ndogo ya wahandisi hao, yaani kuiongezea kompaila chaguo jipya la amri, ina mafunzo kwa kila mtu atoaye maagizo. Na mwalimu hutoa maagizo kutwa nzima.

Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mtunzi wa programu yawe lugha ya mashine. Sehemu yake ya mbele husoma maandishi hayo, huyakagua kama yamefuata sarufi, na hutoa taarifa ya makosa. Anayeitumia huandika mstari mmoja wa amri. Tuchukue mfano wa GCC, kompaila iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Richard Stallman mwaka 1987:

gcc -Wall -o jibu hesabu.c

Hapa hesabu.c ndiyo kazi yenyewe. Maneno yenye kistari mbele ni machaguo: -Wall huomba maonyo, na -o hutaja jina la faili litakalotoka. Apelekaye kitambaa kwa fundi cherehani pale Chalinze hufanya vivyo hivyo. Kitambaa ni kile kile na fundi ni yule yule, lakini mteja husema: mikono mirefu, mfuko mmoja.

Huku Ubena tumewahi kuwaongoza wanachuo kutunga kompaila ndogo yenye amri za Kiswahili kama ANDIKA na JUMLISHA, ambayo huzigeuza kuwa lugha ya C na kuikabidhi GCC kazi iliyobaki. Wanachuo walitaka kuongeza chaguo la --fafanua, ili mtoto akikosea aelezwe kosa kwa sentensi kamili. Hatua zilikuwa nne. Kwanza, chaguo liliandikwa katika orodha, pamoja na maelezo mafupi ya msaada. GCC nayo ina faili za namna hiyo, ambazo majina yake huishia na .opt, na kutokana nazo hutengenezwa sehemu ya programu inayosoma amri. Pili, sehemu ya mbele ilifundishwa kuliangalia chaguo hilo kila inapotoa taarifa. Tatu, yalifanywa majaribio: chaguo likiwapo, lisipokuwapo, na likiandikwa vibaya. Nne, liliongezwa katika kitabu cha maelezo, kwani chaguo lisiloelezwa ni kama halipo.

Mjadala mkali ulizuka juu ya hali ya kawaida: mtumiaji asiposema lolote, itokee nini? Wengi walisema maelezo marefu yafichwe, maana mtu hodari huchoshwa nayo. Anayeyahitaji na ayaombe. Mwanachuo mmoja, aliyekuwa ametoka katika mazoezi ya kufundisha, alipinga. Alieleza habari za mtoto wa Darasa la Tano ambaye, kila kompyuta ilipomjibu "Kosa: mstari wa 3" bila neno jingine, alifuta kazi yote na kukaa kimya. Wiki ya pili hakuikaribia tena mashine. "Mtoto huyu angeomba nini," aliuliza, "naye hajui kwamba kuna cha kuomba?" Hoja hiyo ilimaliza mjadala. Maelezo kamili yakawa ndiyo kawaida, na hodari akapewa chaguo lake la --kifupi.

Kutokana na kazi hiyo twaweza kutaja mafunzo manne.

(a) Hali ya kawaida imfae asiyeuliza. Twasema kuuliza si ujinga, lakini ni lazima mtu ajue pa kuanzia.

(b) Jina liseme kweli. Katika -Wall mna neno la Kiingereza lenye maana ya "yote", lakini chaguo hilo haliwashi maonyo yote. Mengine huombwa kwa -Wextra. Mwalimu naye akisema "Fanyeni zoezi lote" huku akikusudia nusu, huwapotosha watoto.

(c) Agizo lisiloeleweka lisipitwe kimya. GCC ikikuta chaguo isilolijua hutamka hivyo na kuhesabu kuwa ni kosa. Mtoto asiyeelewa naye afundishwe kutamka, wala asikemewe.

(d) Chaguo lililokwisha kutolewa ni ahadi. Wengine huandika amri zao wakilitegemea, na kulibadili maana ni kuwavunjia kazi. Ndivyo ilivyo kwa mwalimu abadilishaye alama za kusahihishia katikati ya muhula.

Zoezi: Chukua andalio lako la somo la wiki hii. Pigia mstari kila agizo utakalolitoa. Kisha, chini ya kila moja, andika atakalofanya mtoto ambaye hakulielewa na hatathubutu kuuliza. Palipo na nafasi tupu, andika agizo hilo upya.