Mama ambaye hakujua kunyonyesha

Tarehe 31 mwezi wa saba 2024, katika bustani ya wanyama ya Dublin, huko Ireland, orangutangu jike mmoja anayeitwa Mujur alizaa mtoto dume. Mujur alikuwa na miaka 19. Alikuwa amekwisha kuzaa mara mbili, mwaka 2019 na mwaka 2022, na watoto wote wawili walikufa, kwa maana hakuwatunza vile mtoto mchanga anavyotunzwa.

Safari hii watunzaji wake walifanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Angali na mimba, waliwaomba wanawake wanaonyonyesha waje na watoto wao. Walikuja kama 30. Waliketi mbele yake, wakafungua nguo, wakanyonyesha, na Mujur akiwatazama.

Niliposoma habari hiyo hewani, simu ilijaa ujumbe. Wengine walicheka. Baba mmoja aliyekimbia kutoka Masisi alikasirika: «Mwandishi, sisi tunalala chini ya shitingi, watoto wetu hawana maziwa, na wewe unatuletea mambo ya nyani wa Wazungu?» Hasira yake naielewa, na simjibu kwamba amekosea. Lakini ujumbe mwingi zaidi ulitoka kwa wamama, na hao hawakucheka. Waliuliza: ilikuwaje mama asijue kunyonyesha? Si Mungu ndiye anayempa kila mnyama akili hiyo?

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Orangutangu ni wa visiwa viwili vya Asia, Borneo na Sumatra, na jina lao kwa Kimalay ni «mtu wa msitu». Ngagi wetu wa Virunga huishi kwa jamaa, mgongo-fedha akiwa mkubwa wao. Orangutangu si hivyo. Dume huishi peke yake, akishapanda jike anakwenda zake, hana habari ya kulea. Kwa hiyo jamaa yote ni mama na mtoto wake. Jike huzaa mara moja tu kwa miaka saba au minane, na muda huo wote mtoto yuko karibu naye, akijifunza tunda lipi linaliwa na namna ya kutandika kitanda cha majani juu ya mti kila jioni. Binti anakaa hata anaona mama akimlea mdogo wake. Hiyo ndiyo shule, na mwalimu ni mmoja. Mwalimu akiondoka, hakuna shangazi wala nyanya wa kushika nafasi.

Katika bustani ya wanyama ya Richmond, jimbo la Virginia huko Marekani, yuko mwingine aitwaye Zoe. Mama yake alikufa Zoe akiwa na miezi tisa tu, kwa hiyo hakupata kuona namna mtoto anavyolelewa. Alipozaa mara ya kwanza, hakujua la kumfanyia mtoto. Alipozaa tena, mwezi wa kumi na mbili 2022, mtumishi mmoja wa kike aliyekuwa amejifungua karibuni aliketi mbele yake na mtoto wake, akamnyonyesha polepole, akimwonyesha kila hatua. Haikupita siku, Zoe naye akamweka wake kwenye titi.

Sasa niwaambie kwa nini habari hii ilinikaa moyoni. Katika kambi moja kando ya Goma, kabla kambi hizo hazijavunjwa mwezi wa pili 2025, nilimkuta binti wa miaka 17 na mtoto wa siku nne. Titi lilikuwa limevimba kama jiwe, mtoto analia hata sauti imekwisha. Mama yake walikuwa wamepotezana njiani, kila mtu alikimbilia upande wake. Jirani mmoja, mama mtu mzima kutoka Rutshuru ambaye hata ukoo hawana, aliingia bila kubisha. Alisema tu: «Leta huyo mtoto, mwanangu. Mama yako hakukuonyesha kwa sababu ya vita.» Akamkalisha binti vizuri, akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo, akasubiri afungue kinywa wazi kabisa ndipo akamsogeza. Mimi nilitoka nje, si mahali pa mwanaume. Nilisikia kilio kikikatika.

Wamama wengi walioandika walikuwa na habari kama hii. Wengine walikuwa yule binti, wengine yule jirani.

Huko kwenye bustani hizo, uzazi wenyewe ni kama kazi ya ofisi. Kuna daftari linaloandikwa nani ni mtoto wa nani, na mpango unaosema dume gani apelekwe nchi gani kwa jike gani, ili ndugu wasizaane. Wa Borneo hawachanganywi tena na wa Sumatra, ingawa zamani walichanganywa ovyo. Jike ambaye zamu yake haijafika hupewa vidonge vya kuzuia mimba, vilevile wanavyomeza wanawake. (Hapo wasikilizaji walicheka kweli.) Sipendi kumwona mnyama nyuma ya kioo, nasema wazi. Lakini orangutangu wa Borneo wako katika hatari kubwa ya kwisha, na baba wa mtoto wa Mujur, dume aliyeitwa Sibu, alikufa mwezi wa pili mwaka huohuo, kabla mtoto hajazaliwa. Kila mtoto ni hesabu.

Na yule wa Dublin? Mujur alimpokea. Alimbeba, alimkumbatia, hakumtupa. Lakini hakumshika vile mtoto anavyoweza kulifikia titi. Watunzaji walingoja, kisha wakaamua kumchukua na kumpa chupa usiku na mchana. Baadaye walimpeleka Uingereza, mahali paitwapo Monkey World, ambako orangutangu wachanga wasio na mama hulelewa pamoja.

Mama mmoja aliyehama kutoka Kitshanga alinitumia ujumbe wa sauti baada ya kipindi. Kuhusu chupa hakusema neno. Alitaka kujua kama huko alikopelekwa kuna majike wakubwa atakaowatazama. Nilimjibu kwamba ndiyo, hapo pana orangutangu wakubwa na wadogo. Akasema: «Basi vizuri.» Nikasikia nyuma yake watoto wakigombania sahani.