Hatua Tatu



Mwaka 1993 nilikuwa mwanafunzi wa ualimu. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, meza moja na taa moja ya mafuta. Mwenzangu alitoka Masisi kama mimi, ila ukoo wake ulikuwa na asili ya Rwanda. Tulipika maharage pamoja, tukaazimana madaftari, na usiku tukabishana.

Yeye alishika mwaka 1972, mwaka wa sheria iliyowapa uraia watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Mimi nilishika 1981, mwaka wa sheria iliyoufuta uraia huo. Nilimweleza ardhi ya babu yangu iliyochukuliwa na wakoloni. Naye alinieleza jinsi Wabelgiji, kuanzia 1937, walivyohamisha familia kutoka Rwanda hadi Gishari. Babu yake hakuulizwa neno, sawa na wangu. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini nilimsikiliza kama wakili amsikilizavyo shahidi wa upande wa pili: nilitafuta kosa tu.

Machi mwaka ule mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Maelfu walikufa, wa makabila yote. Habari ikamfikia mwenzangu kwamba ndugu zake wameuawa. Alikaa kitandani akalia. Mimi nikabaki mezani na kitabu changu. Kati yetu palikuwa na hatua tatu, nami sikuzipiga. Nilijiambia kwamba upande wetu pia una wafu. Sikumpa hata pole. Baada ya siku chache aliondoka, na hatujaonana tena.

Asiyesoma akifunga akili yake, huenda jirani akaifungua kwa maneno machache ya upole. Msomi akiifunga, huijengea ukuta wa tarehe na vifungu vya sheria. Masomo yangu yalinipa sababu nzuri za kubaki nimekaa.

Likizo iliyopita, hapa Kingi, kijana wa chuo kikuu alisimama katika mkutano wetu, akataja tarehe moja baada ya nyingine. Hakukosea hata moja. Nilikuwa kama ninayejisikia mwenyewe. Nikamwomba: “Mwanangu, sasa tueleze anavyoona jirani yako wa ng’ambo ile, mpaka yeye mwenyewe akiri kwamba umemweleza sawa.”

Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Mwalimu, sijawahi kumwuliza.”

Jibu hilo lilinifurahisha kuliko tarehe zake zote. Natanaeli naye alikuwa na hakika kwamba Nazareti haina jema la kutoa. Filipo hakushindana naye. Alimwalika tu aje ajionee. Natanaeli akainuka, akaenda.

Basi juma hili kila mmoja wenu amwendee mtu ambaye anazijua hoja zake bila kumjua yeye. Amwulize habari za babu yake, amsikilize hadi mwisho. Msikawie. Mimi hatua zangu tatu bado nadaiwa.