Slipa Si Waya wa Ardhi

Wasee, tuongee ukweli. Ni lini tulizoea kufungua mfereji wa bafu kwa kitambaa? Kwa keja yangu mfereji unapiga shoti, na nikilalamika keateka ananiambia, "Vaa slipa." Hilo si suluhisho. Hiyo ni kamari na volti 240.

Hita ikivujisha stima, waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, unapitisha mkondo mkubwa hadi breka inajikata. Waya usipokuwepo, breka hainusi kitu. Njia ya stima inakuwa mwili wako, ukiwa umelowa.

Mwenye nyumba anasema paipu zimezikwa ukutani, eti lazima abomoe vigae. Zii. Kama paipu ni ya chuma na haijakatizwa na plastiki, fundi anaweza kuifunga waya pale inapojitokeza, si lazima iwe ndani ya ukuta. Na kama ni ya plastiki tupu, paipu haihitaji waya, lakini hita yenyewe bado inauhitaji.

Itisha fundi mwenye leseni ya EPRA, apime. Kodi tunalipa kila mwezi. Kuoga bila woga kuwe ndani ya hiyo bei.